Bafuni kwa Sidonia

Ti-ti-ti. Ti-ti-ti.

Mita ya luku ilikuwa inalia ukutani, na jogoo wa jirani hata hajakohoa. Asnath alikuwa amechuchumaa kando ya ndoo, kanga moja kifuani na nyingine mabegani, akisikiliza hita ya kuchovya ikinguruma majini kama paka mwenye mafua. Mara ngurumo ikakatika. Taa ikazimika. Akatia kidole ndooni. Maji yalikuwa na uvuguvugu wa mate tu.

"Bupe, umeme umekwisha."

"Umekwisha au umeumaliza?" Bupe alijibu kutoka chini ya blanketi. "Dada, hiyo hita yako inakunywa kuliko mlevi aliyepokea mshahara."

Wanawake hawa wawili waliishi vyumba vya nyuma vya saluni ya Asnath, kule Nzuguni. Mbele, Obedi alinyoa. Nyuma ya pazia, Asnath na Bupe waliosha vichwa vya walionyolewa, wakawasugua nyuso na kuwakanda shingo kwa taulo la moto. Kazi ilikuwa nzuri, ila huu ulikuwa mwezi wa saba, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba huingia hadi kwenye meno. Wiki ile ile mteja mmoja alimwagiwa maji baridi kisogoni. Aliruka kutoka kitini na povu lake kichwani, akaondoka nalo mpaka barabarani.

Kulipokucha Asnath akavaa gauni la kitenge cha njano, akajifunga kilemba, akaenda soko la Majengo kutafuta hita kubwa zaidi.

Majengo palikuwa pamejaa. Makuli wenye mabati vichwani walipiga kelele za kuomba njia, wauza viazi wakagombana na wenye mikokoteni, na kila duka redio yake iliimba wimbo wake. Asnath alikuwa amesimama kwenye duka la vifaa, hita mkononi, alipohisi kitu kinamgonga kilemba. Akageuka. Alikuwa kijana mrefu, amejiviringishia bomba jeusi begani kama chatu, vumbi la mbao limemjaa kwenye nywele na nyusi.

"Samahani dada. Bomba limekusalimia kabla yangu."

"Bomba lako halijafundwa. Ndiyo salamu gani ya kupiga watu vichwa?"

"Ni la shamba, kama mimi. Tumetoka Kolo wote wawili." Kisha akaiona ile hita. "Hiyo usinunue."

"Wewe ndiye mwenye duka?"

"Hapana."

"Basi ndiye mume wangu?"

"Bado."

Mwenye duka akaangua kicheko mpaka akashika meza. Asnath alihisi mashavu yanapata moto ambao hita yake haijawahi kuutoa.

"Ya nyumbani imevaa ukoko mweupe, sivyo?" kijana aliendelea bila haya. "Maji yetu yana chumvi. Ukoko ule ukiganda, umeme unapasha ukoko kwanza, ndipo ukumbuke maji. Ukinunua kubwa, utakuwa umenunua mlaji mkubwa. Na jua lote hili linamwagika bure!"

"Jua la Dodoma nalijua tangu nizaliwe, kaka. Halijawahi kunibebea ndoo."

"Kwa sababu hujalijengea kitanda. Mimi nitalijengea."

Jina lake lilikuwa Sebastiani, fundi wa hita za jua. Asnath alirudi Nzuguni bila hita, ila na namba ya simu, na Bupe alimcheka njia nzima ya kutoka mlangoni mpaka jikoni.

Sebastiani alikuja na pipa la bati alilolipaka rangi nyeusi. Juu ya paa la saluni akaliweka ndani ya sanduku la mbao, na kati ya pipa na sanduku akashindilia vumbi la mbao na vipande vya godoro kuukuu. Upande wa juu akaufunika kwa kioo cha dirisha kilichotolewa kwenye nyumba iliyobomolewa. Mwisho kabisa akatengeneza kifuniko chenye bawaba, nacho kimetandikwa godoro kwa ndani.

"Mchana kifuniko wazi, jua liingie," alimfundisha Asnath. "Jioni, kabla baridi haijaamka, funga. Ukisahau, baridi italamba moto wote kupitia kioo, asubuhi utakuta maji ya mtungini. Hii siyo mashine, ni kama kumfunika mtoto. Ukimfunika, atalala na joto lake."

Asnath alipenda alivyosema maneno hayo. Alipenda pia kwamba, aliposhuka, alichukua ufagio na kufagia vumbi lake mwenyewe, hata lile lililoangukia kwa jirani.

Kesho yake kabla ya mapambazuko mlango uligongwa. Sebastiani alikuwa nje, amejikunyata ndani ya koti, mfuko wa plastiki mkononi.

"Nimekuja kuyaonja maji. Maji ya jua hayapimwi mchana. Mchana kila fundi ni hodari. Yapimwe yakiwa yamelala."

"Ingia. Kaa hapo kwenye kiti."

"Lakini mimi nilitaka…"

"Kaa, nimesema. Kichwa chako kina maranda ya kutosha kuwasha jiko."

Akamlaza kichwa nyuma juu ya beseni la kuoshea, akafungua bomba. Maji yalitoka na mvuke. Asnath aliingiza vidole katika nywele zile, na vumbi la mbao likaanza kushuka na povu, na harufu ya mninga ikajaa chumba. Kioo cha ukutani kikapata ukungu. Alipomaliza, Sebastiani alisimama, akachora kwa kidole juu ya ukungu ule twiga mwembamba mwenye miguu ya vijiti.

"Kwetu Kolo watu walichora hivi kwenye mawe zamani sana," alisema. "Hakuna ajuaye walitaka kusema nini."

"Na wewe unataka kusema nini?"

"Kwamba maji ni ya moto."

"Hayo tu?"

"Mengine nitakupigia simu."

Akapiga. Alipiga mchana, alipiga jioni, alipiga akiwa juu ya mapaa ya watu. "Laazizi, niko mtaa wa Kikuyu, naona mpaka kwenu. Toka nje unipungie." Asnath alitoka kweli, akapunga mkono kuelekea mjini kama mwendawazimu, na Obedi akamuuliza anafukuza nzi gani. Jioni Sebastiani alikuja na asali ya Kondoa, au na kipande cha muwa tu, akakaa upande wa pili wa barabara kwa fundi baiskeli mpaka saluni ifungwe. Asnath alimwambia aingie ndani asubiri, naye daima alisema, "Hapa pananitosha." Asnath alidhani ni adabu.

Mvua ilipokuja na kwenda, na kipupwe kingine kikaanza, wakakubaliana. Wazee wa Sebastiani watashuka kutoka Kolo Jumamosi kuleta posa. Baba mdogo wa Asnath, Mzee Yotham, ndiye atakayewapokea. Mbuzi alishanunuliwa na kufungwa uani.

Na hapo ndipo wivu ulipoingia. Wivu haubishi hodi. Huingia kwa pua.

Sebastiani alikuja jioni moja, na Asnath alipomkumbatia alinusa sabuni. Si ile ya kipande anayotumia fundi. Ilikuwa sabuni ya waridi, laini, ya mwanamke anayejipenda.

"Umeoga wapi leo?"

"Aa, kazini," alisema, akacheka, akabadilisha mazungumzo.

Kesho yake ikawa waridi tena. Alfajiri ya kesho kutwa Asnath akapiga simu, akaambiwa na yule dada wa mtandaoni kwamba namba haipatikani. Alipompata baadaye akamuuliza alikuwa wapi.

"Kazini, mpenzi. Kuna maji Mkonze yamekataa kukaa na moto."

"Maji yana kiburi gani kila siku?"

"Hata mimi nashangaa, mama. Nimeziba kila tundu."

Bupe alikuwa anasikiliza huku anakunja taulo. "Dada, mwanaume anayeoga kwa watu ana mtu anayemtengea maji. Na mwanamke hamtengei mwanaume maji ya kuoga kama anavyomtengea mgeni chai. Maji ya kuoga ni ya mume. Mimi sisemi kitu."

"Umeshasema."

"Basi na niongeze. Uchunguze."

Hakuhitaji kuchunguza. Jumatano mchana aliingia mwanamke mmoja mrefu, nywele fupi za kinyozi, hereni za shaba, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama. Alikuwa ametoka stendi kupokea mzigo. Obedi akamchonga pembeni, kisha mwanamke akaja nyuma ya pazia kuoshwa kichwa. Aliketi, na kabla hajalaza kichwa, harufu ikamfikia Asnath. Waridi.

"Maji yenu matamu!" mwanamke alisema, macho amefumba. "Kumbe ni kweli. Fundi Seba ndiye aliyenielekeza. Alisema kuna saluni Nzuguni alishaitengenezea."

"Fundi Seba," Asnath alirudia. Vidole vyake viliendelea kusugua, lakini havikuwa vyake tena. "Alisema saluni ya nani?"

"Ya dada mmoja."

Dada mmoja. Nyuma yake Bupe aliangusha chupa ya shampuu.

"Na kwako anatengeneza?"

"Mkonze, kwa mama yangu, pale kilimani. Mimi naitwa Sidonia. Ee, dada, yule kijana! Anakuja alfajiri nyota ziko nje. Namwekea taulo, anaingia bafuni anaoga, anatoka anatetemeka, anasema 'bado, nitarudi kesho.' Na mimi," alicheka kicheko kilichotoka chini kabisa kifuani, "mimi namwambia karibu tena. Polepole dada, unanikwaruza!"

"Samahani."

"Sijui kama ameoa."

"Unataka kujua ya nini?"

"Wewe nawe! Mwanamke haulizwi hivyo."

Asnath alifungua koki ya pili, ile ya maji ya kawaida. Sidonia akapiga ukunga.

"Yamekwisha ya moto," Asnath alisema. "Hata hapa wakati mwingine yanakataa kukaa na moto."

Jioni ile Sebastiani alipiga simu mara nyingi. Asnath aliiangalia simu ikitetemeka mezani kama panzi aliyepinduka, mwishowe akaipokea.

"Kipenzi, mbona…"

"Dada mmoja hajambo."

"Nani?"

"Dada mmoja. Mwenye saluni Nzuguni. Ndivyo unavyoniita Mkonze unapotoka bafuni?"

Upande ule upepo ulisikika ukipiga bati.

"Asnath, nisikilize…"

"Uliogea kwa Sidonia au hukuogea?"

"Niliogea. Lakini…"

Akakata. Akampigia Mzee Yotham. "Baba, shikamoo. Wale wageni wa Jumamosi wasije."

"Marahaba. Wasije namna gani? Mbuzi amefungwa!"

"Mfungueni."

Alisema hivyo kwa sauti kavu. Kisha akaenda bafuni, akafungua maji yale ya moto aliyojengewa, akalia ndani yake, maana machozi yakichanganyika na maji ya moto hakuna wa kuyaona. Bupe aliacha sahani ya wali imefunikwa mlangoni, akaenda kulala.

Lakini wivu haujui kulala. Kabla jogoo hajawika Asnath alishavaa sweta, amempigia Hamidu wa bodaboda, na wanakata mji kutoka Nzuguni kwenda Mkonze, upepo ukimtoa machozi mengine.

"Dada, tunamfuata mgonjwa?" Hamidu aliuliza.

"Ndiyo. Mimi."

Nyumba ya kina Sidonia ilikuwa juu ya kilima kidogo, ya matofali ya kuchoma, na bafu lake uani, fupi, lenye mlango wa bati. Mwanga wa taa ulipenya kwenye nyufa. Ndani kopo liligonga ndoo, maji yakamwagika, na mwanaume akatoa sauti ya mtu aliyechomwa sindano. Mlangoni alisimama Sidonia, kanga begani, taulo mkononi.

"Karibu," Sidonia alianza, kisha akamtambua. "Si wewe wa saluni?"

"Mimi ndiye dada mmoja. Nimemfuata mume wangu."

Kopo likaanguka ndani.

"Asnath?" sauti ikatoka nyuma ya bati.

"Toka!"

"Nina povu mwili mzima!"

"Toka na povu lako, uondoke nalo mpaka barabarani!"

"Asnath, ngoja nijisuuze. Maji ni barafu, nife mara moja nisife mara mbili."

"Kwa nini unaoga kwa watu, Sebastiani? Kwenu hakuna bafu?"

"Ndiyo kazi yangu!" Meno yalikuwa yanagongana. "Nitayapima kwa nini? Kwa mkono? Mkono wa fundi umezoea bati la jua, unadanganya. Mgongo haudanganyi. Kila ninapojenga naoga mimi kwanza, alfajiri, kabla ya mwenye nyumba. Mzee aliyenifundisha alikuwa akilala chini ya paa alilolijenga mvua ya kwanza inaponyesha. Na mimi naoga."

"Kwangu hukuoga!"

"Nilikuja na taulo kwenye mfuko! Ukanikalisha kitini kabla sijafungua mdomo."

Asnath alikumbuka ule mfuko wa plastiki. Lakini hasira ikishapanda kilima haishuki kwa jiwe moja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? 'Mpenzi, kesho nakwenda kuoga kwa Sidonia'? Ungenielewa?"

"Nisingekuelewa."

"Basi!"

"Na 'dada mmoja' je?"

"Ulitaka nikuite nani? Wazee wangu hawajakaa na wazee wako. Kwetu ukimwita mtoto wa watu mchumba kabla ya posa, umemvunjia baba yake heshima. Nilikuwa nasubiri Jumamosi, ili nipande paa lolote nikutangaze." Maji yakamwagika tena, akapiga kelele, kisha sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu aliyechoka. "Wewe unanihukumu kwa maji ya kuoga. Mimi kila jioni nakaa kwa fundi baiskeli nakutazama kwenye uwazi wa pazia. Unawalaza wanaume wa mji mzima, unawaingiza vidole nywelini, unawakanda shingo na taulo la moto. Nilisema neno? Nakaa pale ng'ambo nauma meno. Nikajiambia, ni kazi yake, Seba. Mikono ni yake, kazi ni ya mikono, moyo haumo. Nikajiambia hivyo kila siku mpaka nikaamini."

Asnath akayakumbuka maneno yake. *Hapa pananitosha.* Kumbe haikuwa adabu. Mtu alikuwa ameketi ng'ambo ya barabara na wivu wake mapajani, kama mgonjwa anayesubiri zamu, na hakuwahi kuomba apishwe.

Aliinamisha uso ili Sidonia asiuone, kisha akauinua. Ndipo alipoona kitu juu ya paa la bafu. Kilikuwa sanduku kama la kwake, kioo kinang'aa rangi ya anga lililoanza kupauka. Kifuniko kilikuwa kimelazwa nyuma, wazi kabisa.

Akamtazama Sidonia. Sidonia akatazama taulo.

"Jana jioni ulisahau kukifunga?" Asnath aliuliza taratibu, sauti isifike bafuni.

Bila zile hereni Sidonia alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana saluni, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyekesha.

"Jioni ya kwanza nilisahau," alinong'ona. "Ya pili sikusahau. Anakuja gizani hakioni, na akiwa bafuni nakifunga."

Asnath alijua mwanamke huyu angepaswa kutukanwa, na matusi alikuwa nayo, amekuja nayo kutoka Nzuguni yote yamepangwa. Lakini kabla hajachagua la kwanza, sauti nyembamba ikaita kutoka chumba cha pembeni.

"Sidonia! Nani hao wanagombana? Fundi wangu amepata baridi?"

"Ni mama yangu," Sidonia alisema. "Bibi Emiliana. Miguu imekataa tangu mwaka juzi. Niliacha kazi Dar nikaja kumwuguza. Hapa hakuna mtu anayebisha hodi, dada. Tangu nije, mtu wa kwanza kuuliza mama yako ameamkaje ni yeye. Nilitaka aje na kesho. Basi. Sikujua ana mtu."

"Na mama anaogea nini, kama maji yanapoa?"

"Nampashia kwa mkaa." Akaivuta kanga begani. "Najua. Usiniambie, najua."

Asnath akaingia chumbani kusalimia, kwa sababu mtu aliyelelewa hapiti mlango wa mzee.

"Mbukwa," sauti nyembamba ikamtangulia kwa salamu ya Kigogo.

"Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayemgombeza fundi? Mgombeze kidogo tu. Angalia alichonifanyia."

Alionyesha kwa kidevu. Kando ya kitanda kulikuwa na kiti cha mbao chenye mgongo na mikono, cha kuogea. Asnath alikipapasa. Kingo zote zilikuwa zimesuguliwa kwa msasa mpaka zikawa laini kama sabuni, na kwenye kikalio fundi alitoboa matundu maji yapite. Hakuna aliyemwagiza kiti.

"Na bomba la bafuni amelishusha chini," bibi alisema, "nilifikie nimeketi. Alisema mtu mzima asisubiri kumwagiwa maji kama mche."

Asnath alipotoka nje Sebastiani alikuwa ameshavaa, amesimama uani, midomo ya bluu, anatazama paa. Kifuniko kilikuwa kimefungwa. Nyuma ya bafu Sidonia alikuwa anashuka ngazi.

"Sielewi," alisema. "Nimeziba kila mahali. Moto unapotelea wapi?"

Sidonia alisimama kwenye ngazi.

"Ni upepo," Asnath alisema. "Hapa ni kilimani. Leo Sidonia atafunga kifuniko mapema, jua halijazama. Kesho yatakuwa ya moto."

Sidonia alishuka ngazi iliyobaki. Alichukua taulo lililokuwa kwenye kamba, hakumpa Sebastiani. Alimpa Asnath.

Asnath akamfunika nalo Sebastiani kichwa na mabega, akamsugua kwa nguvu, kama anavyosuguliwa mtoto aliyenyeshewa.

"Umemfungua mbuzi?" Sebastiani aliuliza kutoka ndani ya taulo.

"Nani amekuambia habari za mbuzi?"

"Bupe. Alinipigia usiku. Alisema mbuzi amefunguliwa na wewe umelia, akakata."

Asnath akatoa simu. Iliita mara moja tu. Mzee Yotham naye hakuwa amelala.

"Baba, shikamoo. Wale wageni wa Jumamosi…"

"Wasije. Nimesikia."

"Waje."

Mzee akashusha pumzi ndefu. "Binti yangu, jana umemfungua mbuzi, leo unamfunga. Mbuzi mwenyewe ataanza kutuuliza. Una hakika?"

Asnath alimtazama kijana aliyekuwa anatetemeka mbele yake kwa maji baridi ambayo hakustahili.

"Nina hakika, baba. Ila nina sharti langu."

"Sharti gani?" Sebastiani aliuliza.

"Kuanzia leo hakuna bafu unaloingia alfajiri bila mimi kusimama mlangoni. Na jioni hukai tena kwa fundi baiskeli. Utakaa ndani, mbele ya pazia, kila mwanaume ninayemwosha akuone."

"Nitawatisha wateja."

"Watishe. Nimechoka kuwa na wivu peke yangu. Tuwe nao pamoja, mezani, tuule kidogo kidogo."

Kesho yake alfajiri walikuja wawili. Sidonia alikuwa ameshawasha taa, lakini hakushika taulo. Alishika kikombe cha uji cha kila mmoja. Sebastiani aliingia bafuni, Asnath akasimama mlangoni kama askari, na mvuke ukatoka juu ya bati kabla hata ya kelele. "Moto!" fundi alipiga yowe. "Moto, jamani!"

Ndipo Asnath na Sidonia wakamwinua Bibi Emiliana, mmoja huku mmoja huku, wakamketisha kwenye kiti chake. Bibi akanyoosha mkono mwenyewe, akafungua bomba mwenyewe. Hawakumwogesha. Walimshika mgongo tu, asiteleze, huku maji yakimshuka mabegani naye akicheka taratibu, peke yake, kama msichana anayekumbuka jambo. Hakuna aliyemharakisha.

Walipomrudisha kitandani, amevaa gauni safi na kufunikwa, alimshika Asnath kiganja akakataa kukiachia.

"Sasa maji yamekubali, fundi hana sababu ya kurudi," alisema. "Na nyie Jumamosi mna mambo yenu. Najua, nimesikia yote, mlango ni bati." Akavuta pumzi. "Sidonia huyu anakaa na mimi siku nzima hana wa kuongea naye. Mkishamaliza mambo ya wazee, njooni tena, mwanangu. Njooni hata kama hakuna kilichoharibika."